Baka jekundu usoni mwa mtoto: tiba ya mwanga wa leza inafanyaje kazi?

Baadhi ya watoto huzaliwa na baka jekundu, la pinki au la zambarau usoni. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, baka hilo linaweza kuonekana jekundu la kukoza au la kahawia iliyoiva, na wakati mwingine halionekani vizuri siku za kwanza. Mabaka mengi ya aina hii hayana madhara. Machache yanahitaji kuangaliwa mapema, hasa yaliyo kwenye paji la uso au karibu na jicho.

Makala hii inakueleza jinsi ya kutofautisha mabaka hayo, tiba ya leza inafanya nini, na mambo ya kumuuliza daktari kabla ya kukubali.

Je, ni kosa la mama?

Hapana. Baka halikutokana na chakula ulichokula, kitu ulichotamani, wala jicho la mtu. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa baka la kudumu husababishwa na badiliko dogo katika jeni iitwayo GNAQ. Badiliko hilo hutokea katika chembe chache za mwili mtoto akiwa bado tumboni, na kwa kawaida halirithiwi kutoka kwa baba wala mama. Mishipa midogo ya damu ya sehemu hiyo hubaki imepanuka, na damu iliyomo ndiyo inayoonekana kwa juu.

Aina tatu zinazochanganywa

1. Baka la muda. Ni la pinki na halina kingo kali. Hukaa kwenye kope, katikati ya paji la uso au kisogoni, na hukoza mtoto akilia. La usoni kwa kawaida hufifia katika mwaka wa kwanza au wa pili. Halihitaji tiba.

2. Uvimbe wa mishipa ya damu. Mara nyingi hauonekani siku ya kuzaliwa. Hujitokeza wiki za mwanzo, hukua haraka kwa miezi kadhaa, kisha hunywea polepole kwa miaka. Ukiwa karibu na jicho, pua au mdomo, mpeleke mtoto hospitali mapema. Dawa ya kunywa iitwayo propranololi, chini ya uangalizi wa daktari, husaidia sana.

3. Baka la kudumu. Lipo tangu kuzaliwa, ni bapa, na mara nyingi liko upande mmoja wa uso. Halifutiki lenyewe. Hukua pamoja na mtoto, na kadiri miaka inavyokwenda linaweza kukoza, kunenepa na kuota vinundu vinavyotoka damu kwa urahisi. Hutokea kwa watoto wapatao 3 katika kila 1,000. Hili ndilo hasa linalotibiwa kwa leza.

Kwanza macho na ubongo, kisha ngozi

Kabla ya kufikiria leza, uliza baka liko wapi. Baka la kudumu likigusa paji la uso au kope la juu, mtoto anaweza kuwa na ugonjwa wa Sturge-Weber, ambapo mishipa ya damu ya ubongo na ya jicho nayo imeathirika. Si kila mtoto mwenye baka hapo ana ugonjwa huo, lakini kila mmoja anapaswa kupimwa.

Mpeleke mtoto hospitali bila kuchelewa ukiona:
- degedege, hata bila homa, au mkono na mguu wa upande mmoja kukakamaa na kurukaruka;
- udhaifu wa upande mmoja wa mwili;
- jicho moja kuwa kubwa kuliko jingine, kuwa na ukungu, kutoa machozi sana au kukwepa mwanga.

Dalili za jicho zinaweza kumaanisha presha ya jicho, ambayo huua uoni isipotibiwa. Hata kama huoni dalili, mtoto huyo anahitaji kupimwa macho akiwa mchanga na kuendelea kupimwa mara kwa mara. Leza ya ngozi haitibu jicho wala ubongo.

Leza inafanyaje kazi?

Mashine hutoa mwanga wa rangi moja kwa mpigo mfupi sana. Inayotumika zaidi kwa watoto hutoa mwanga wa manjano wa nanomita 595. Mwanga huo hupenya ngozi na kunyonywa na rangi nyekundu ya damu. Hapo hugeuka joto, joto huharibu kuta za mshipa uliopanuka, na mwili huuondoa taratibu.

Kila mpigo huuma kama kupigwa na mpira wa bendi. Mtoto hupakwa dawa ya ganzi, na baka likiwa kubwa anaweza kupewa dawa ya usingizi. Macho lazima yafunikwe kwa kinga maalumu. Baada ya tiba ngozi hubadilika kuwa kama iliyovilia damu kwa wiki moja au mbili. Hiyo ni kawaida.

Tiba hurudiwa mara nyingi, kila baada ya wiki kadhaa. Mabaka mengi hupungua rangi. Machache hufutika kabisa, na mengine hukoza tena baada ya miaka. Kuanza mapema husaidia, kwa sababu ngozi ya mtoto mdogo ni nyembamba na mishipa yake bado ni midogo.

Ngozi nyeusi inahitaji uangalifu zaidi

Rangi ya ngozi yetu nayo hunyonya mwanga. Kwa hiyo nguvu ikizidi, ngozi inaweza kuungua, kubaki na madoa meusi au meupe, au kuacha kovu. Mtaalamu mzuri huanza kwa kujaribu sehemu ndogo, hutumia mashine inayopoza ngozi, kisha husubiri kuona matokeo. Muulize:
- Umewahi kutibu watoto wenye ngozi kama ya mwanangu?
- Unatumia mashine ya aina gani, na je, inapoza ngozi?
- Itachukua mara ngapi, na gharama yote ni kiasi gani?
- Macho yake yatalindwaje?

Saluni yenye mashine ya kuondoa nywele si mahali pa kumpeleka mtoto.

Utunzaji nyumbani

Baada ya tiba, osha kwa maji bila kusugua, zuia mtoto asijikune, na mkinge na jua kwa kofia na kivuli. Malengelenge, usaha au homa ni sababu ya kurudi hospitali.

Usipake ndimu, dawa ya meno wala mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina dawa ya steroidi, ambayo hufanya ngozi kuwa nyembamba na mishipa ya damu kuonekana zaidi.

Kama leza haipatikani karibu nawe au gharama ni kubwa, mtoto mwenye baka lisilo na matatizo mengine anaweza kukua, kusoma na kucheza kama wenzake. Mpige picha baka likiwa kwenye mwanga wa mchana kila baada ya miezi michache, uzionyeshe kliniki. Akianza kuulizwa na wenzake, mfundishe jibu fupi: "Nimezaliwa nalo, haliumi, na haliambukizi."