Sekunde Tatu na Nusu: Msimu wa Mbio za Dragi na Madaraja Yake Manne

Katika mbio za dragi magari mawili husimama sambamba kwenye njia iliyonyooka, huondoka taa inapowaka, na linalofika mwisho kwanza ndilo lililoshinda. Hakuna kona wala mzunguko wa pili wa kulipiza. Ngazi ya juu ya mchezo huu ni mashindano ya NHRA, chama kilichoanzishwa California mwaka 1951 na Wally Parks, aliyetaka kuwatoa vijana wenye magari ya kasi mitaani na kuwapeleka mahali penye sheria, saa ya kuaminika na gari la wagonjwa. Mbio zao za kwanza za kitaifa zilifanyika mwaka 1955 mjini Great Bend, Kansas. Siku hizi msimu una mbio zipatazo 20, hufunguliwa mwezi Machi huko Gainesville, Florida, na kufungwa Novemba huko Pomona, California.

Kwa kawaida mbio huchukua siku tatu. Ijumaa na Jumamosi ni mchujo: kila dereva hukimbia peke yake dhidi ya saa, hata kama kuna mwenzake pembeni, na wenye muda mfupi zaidi 16 ndio wanaobaki. Jumapili ni mtoano. Wa kwanza hukutana na wa kumi na sita, wa pili na wa kumi na tano, na baada ya raundi nne hubaki mmoja, ambaye hukabidhiwa sanamu ndogo iitwayo Wally, kwa jina la mwanzilishi. Aliyekuwa na muda bora katika raundi iliyotangulia huchagua njia, na si heshima tupu: jua la mchana laweza kuifanya njia ya kushoto iteleze huku ya kulia ikishika vizuri.

Mahali ambapo mgeni hupotea ni kwenye taa. Mstari wa kuanzia una miale miwili ya mwanga inayokatwa na tairi la mbele. Magari yote mawili yakishajipanga, taa tatu za rangi ya manjano huwaka kwa pamoja, na sekunde 0.4 baadaye huwaka ya kijani. Dereva anayesubiri kuiona ya kijani amekwisha kushindwa. Wataalamu huondoka kwa ile ya manjano. Akiwahi kupita kiasi, taa nyekundu huwaka na ameaga mashindano. Saa ya kila njia haianzi kuhesabu mpaka tairi liondoke kwenye mwale, kwa hiyo muda wa gari na wepesi wa dereva ni hesabu mbili tofauti. Tuseme Asha ameondoka sekunde 0.040 baada ya kijani na gari lake limekwenda kwa sekunde 3.720, jumla 3.760. Juma gari lake limekwenda kwa 3.690, lakini aliondoka baada ya 0.090, jumla 3.780. Gari la Juma lina kasi zaidi, na anayerudi nyumbani ni Juma.

Madaraja ya kulipwa ni manne: Top Fuel, Funny Car, Pro Stock na Pro Stock Motorcycle. Kinachoyatenganisha zaidi ya umbo ni mafuta. Mawili ya kwanza hunywa nitromethani, kimiminika ambacho kwa uzito mmoja kina nishati ndogo kuliko petroli, ila kimebeba oksijeni yake mwenyewe ndani. Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue. Ya nitromethani hutosheka na 1.7. Injini inayopata hewa ileile inaweza basi kumiminiwa mafuta mara nane na zaidi, na nguvu inayopatikana kila silinda inapowaka ni zaidi ya maradufu. Sheria huruhusu asilimia 90 ya nitromethani, kinachobaki ni methanoli.

Gari la Top Fuel ni refu na jembamba, lina zaidi ya mita 7.6 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na injini iko nyuma ya dereva. Haikuwa hivyo zamani. Machi 1970, kwenye njia ya Lions huko Long Beach, gia ya gari la Don Garlits ililipuka mbele yake na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Mwaka uliofuata alirudi na gari ambalo injini yake ilikuwa nyuma, akashinda mbio za Pomona, na haukupita muda mrefu wenzake wote wakamfuata.

Injini yenyewe ni ya silinda 8 na ujazo wa lita 8.2, yenye supachaja juu yake, na inakadiriwa kutoa zaidi ya nguvu za farasi 11,000. Haina rejeta, maana haiishi muda wa kutosha kuhitaji kupozwa. Ina plagi 16, mbili kwa kila silinda, na kabla gari halijafika mwisho ncha za plagi hizo huwa zimeyeyuka. Kutoka hapo mafuta huwaka kwa joto na mgandamizo tu, na njia pekee ya kuizima ni kukata mafuta. Kompyuta hairuhusiwi kupima kama tairi linateleza na kurekebisha njiani. Fundi mkuu hukagua lami, hupima joto lake, kisha hupanga mapema klachi ibane kwa kiasi gani na kwa wakati gani. Akikosea, tairi hutoa moshi na raundi imekwisha. Kwa maoni yangu bingwa halisi wa daraja hili ni huyo fundi, ingawa picha hupigwa dereva.

Gari likishavutwa kurudi kambini, mafundi wana kama dakika 40. Vifuniko vya silinda hufunguliwa, pistoni hutolewa na kukaguliwa moja moja, klachi pleti hubadilishwa zote, oili nyeusi humwagwa. Kisha injini huwashwa kwa majaribio palepale, na watazamaji, ambao tiketi zao zote huruhusu kuingia kambini, hukimbia wakifuta machozi kwa ule moshi mkali. Mara wanarudi tena.

Funny Car hutumia injini hiyohiyo, lakini ni fupi, injini iko mbele ya dereva, na juu yake kuna bodi moja ya kaboni inayofunuliwa kama kifuniko. Ufupi huo huifanya iyumbe. Ndilo daraja la John Force, bingwa mara 16, ambaye bintiye Brittany alichukua ubingwa wa Top Fuel mwaka 2017 na 2022. Wanawake si wageni hapa: Shirley Muldowney alikuwa bingwa wa Top Fuel mara tatu, mwaka 1977, 1980 na 1982.

Umbali wa jadi ni robo maili, yaani mita 402. Juni 2008 Scott Kalitta alifariki huko Englishtown, New Jersey, gari lake liliposhindwa kusimama, na tangu Julai mwaka huo magari ya nitromethani hukimbia futi 1,000, mita 305. Hata hivyo kasi yao imevuka kilomita 540 kwa saa.

Pro Stock na pikipiki bado hukimbia robo maili nzima. Pro Stock, lililoanza mwaka 1970, hutumia petroli ya mashindano bila supachaja, na magari yanakaribiana mno hivi kwamba wepesi wa dereva huamua mengi. Erica Enders amelitawala kwa mataji sita. Pikipiki ziliingia mwaka 1987, na huko ndiko alikoanzia Antron Brown, ambaye mwaka 2012 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Top Fuel.

Fedha za mchezo huu zimewahi kutoka hata Ghuba. Timu ya Al-Anabi, iliyodhaminiwa na Sheikh Khalid bin Hamad Al Thani wa Qatar, ilitoa mabingwa wa Top Fuel mwaka 2010, 2011 na 2013.

Ubingwa huhesabiwa kwa pointi, na kila raundi unayoshinda ina pointi 20. Mwaka 2007 iliingizwa awamu ya mwisho. Baada ya mbio za Indianapolis, mwanzoni mwa Septemba, madereva bora wa kila daraja walibaki, na pengo la pointi lililojengwa tangu mwanzo wa msimu lilifutwa: kiongozi aliachwa pointi 20 mbele ya wa pili, wengine kumi kumi. Zilibaki mbio chache, na ya Pomona ilikuja kulipa pointi mara moja na nusu. Ilinogesha Novemba, lakini sikuona haki yake. Mwaka 2022 Robert Hight alimaliza msimu wa kawaida akiongoza Funny Car na alishinda mbio nyingi kuliko Ron Capps. Ubingwa ulikwenda kwa Capps, kwa tofauti ya pointi 3.