MUHURI: Miaka ya Mwanzo Ilivyokuwa kwetu Kusini mwa Pwani

Shirika la Muslims for Human Rights, ambalo huku Kwale kila mtu analiita MUHURI, lilianzishwa Mombasa mwaka 1997. Mwaka huo unastahili kuelezwa kwa kituo.

Mfumo wa vyama vingi ulikuwa umerudi tangu Desemba 1991, lakini Pwani tuliuonja kwa uchungu. Chama cha Islamic Party of Kenya kilinyimwa usajili 1992, na kiongozi wake, Sheikh Khalid Balala, akakwama Ujerumani bila pasipoti hadi 1997. Wakubwa wetu walimkumbuka pia mwandishi Alamin Mazrui, aliyetiwa kizuizini 1982, mwaka mmoja tu baada ya tamthilia yake Kilio cha Haki kuchapishwa. Kusema kulikuwa na gharama, nasi tuliijua.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 13 Agosti 1997. Kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari sita wakauawa, na balaa likateremka hadi Ukunda na Diani. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Maelfu kwa maelfu walihama, wengi wao ndugu zetu wa bara tuliokuwa tukiuziana nao sokoni. Misako ikafuata, vijana wa Kidigo wakazolewa. Kaya Bombo, msitu wa wazee wetu, ikawa jina la fujo. Yaliyosemwa mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano hayo, yanajulikana, sina haja ya kuyachimbua.

Katika hali hiyo walisimama Khelef Khalifa na wenzake wa MUHURI, Mungu awalipe. Walitufunza kuandika. Mama akija analia kwamba mwanawe kachukuliwa, atapewa kiti na maji, kisha aulizwe taratibu: saa ngapi, gari la rangi gani, kituo kipi, nani aliona. Yote yakiandikwa mbele yake. Karatasi ile ilikuwa na nguvu kuliko kelele zetu zote, kwa sababu mkuu wa kituo hakuweza tena kusema hamjui mtu huyo. Na ijapokuwa jina lilikuwa la Waislamu, Mkristo na mzee wa kaya walikaa benchi moja na imamu.

Kazi ninayoionea fahari zaidi ni ukaguzi wa kijamii wa fedha za CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge ulioanzishwa 2003. Kule Changamwe, 2007, wakazi walipewa mafaili ya miradi, wakafunzwa kuyasoma, wakaenda wenyewe kukagua majengo: mabati yaliyolipiwa ni haya? Vikaragosi na ngoma viliwaita watu barazani, na wenye ofisi wakajibu hadharani. Mtindo huo ulisifiwa hata ng'ambo.

Mengine kwa ufupi: mwaka 2003, kupinga mswada wa kuzuia ugaidi; 2010, katiba mpya; 2013, serikali za kaunti na ripoti iliyotolewa pamoja na Open Society Justice Initiative kuhusu mwenendo wa polisi wa kupambana na ugaidi. Mwaka 2015 ulikuwa wa mtihani: akaunti za MUHURI na za shirika la Haki Africa zilifungwa na serikali, hadi Mahakama Kuu Mombasa ilipoamuru Novemba zifunguliwe. Kazi haikusimama.

Shukrani ziwafikie waliojitolea Kwale nzima, waliopanda matatu hadi kivuko cha Likoni kwa nauli yao wenyewe, wakavuka na mafaili kwapani kuwahi kesi za watoto wa wenzao.