Kariokor, Kaburini, Pumwani: Tarehe ya Vifo vya Eastlands

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali pa kinamasi ambapo Wamaasai walinywesha mifugo yao. Ng'ombe walikunywa wakaondoka; watu wa reli walikunywa wakakaa. Maji yasiyo na pa kwenda yakazaa mbu, na magunia ya nafaka yakaita panya.

Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na daktari wa serikali akaamuru soko litiwe moto. Maduka yaliteketea, lakini tauni ilirudi tena kabla ya vita vya 1914. Mwaka 1913 akaletwa Profesa Simpson kutoka Uingereza aukague usafi wa miji. Ushauri wake ulikuwa watu watengwe kwa rangi: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Kiroboto wa tauni hajui rangi ya mtu, ila tangu hapo kila ugonjwa ulipotajwa, waliohamishwa walikuwa wale wale.

Vita vya 1914 vikaleta kifo cha aina nyingine. Mashariki ya mji, Eastlands ya leo, ilijengwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Waliozoea ndizi, viazi na mtama walipewa posho ya unga wa mahindi, wakausonga njiani haraka haraka, kuni mbichi, ugali haujaiva. Risasi ziliua wachache; yaliyomaliza watu ni kuhara damu, nimonia na malaria. Hesabu ya serikali yenyewe ilipita wapagazi 40,000 waliokufa, na wanahistoria wanaona idadi ya kweli ni kubwa zaidi. Mishahara ya maelfu miongoni mwao haikuwafikia warithi, kwa sababu, ilisemwa, jamaa zao hawakupatikana. Midomo ya watu ililifupisha jina la kikosi likawa Kariokor, kama Dar es Salaam ilivyopata Kariakoo.

Vita havijakwisha sawasawa, mwaka 1918 ikaingia homa kuu ya mafua iliyozunguka dunia.

Wakati huo Waafrika wa Nairobi walikaa katika vijiji walivyojijengea wenyewe: Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini. Majina mawili ya mwisho hayahitaji kufasiriwa. Katika miaka ya 1920 manispaa ilibomoa vijiji hivyo kimoja baada ya kingine, isipokuwa Pangani, ikawakusanya watu mtaa wa Pumwani, ikawapa viwanja wajenge wenyewe. Wakajenga kwa fito na udongo, wakaezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Ndio mtaa wa Majengo wa leo.

Chumba kimoja kililaza wengi, na wengi katika chumba kisicho na hewa ni karamu ya kifua kikuu na nimonia. Mwaka 1926 malaria ililipuka mjini. Watoto wachanga walikufa kwa wingi, na hapo ndipo hospitali ya uzazi ya Pumwani ilipoanzia, ikiitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana.

Na maiti alizikwa na nani? Mtu aliyekuja mjini peke yake, aliyeacha ukoo wake bara, aliweza kufa asiwe na wa kumlilia. Wazee wa Kiislamu wa Pumwani walimpa mgeni aliyesilimu jambo ambalo manispaa haikumpa: watu wa kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumtia kaburini kwa jina lake. Wanawake wengi wa kibara waliosilimu mjini walipata ukoo mpya kwa njia hiyo.

Na vifo hivyo viliandikwa wapi? Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwapo tangu 1904, lakini mwanzoni iliwalazimisha Wazungu tu. Kwa Mwafrika lazima hiyo haikuja mpaka ukoloni ulipokuwa ukingoni.

Pangani ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa hoja ile ile ya afya, na wenye nyumba zao wakageuzwa wapangaji katika mtaa wa Shauri Moyo. Leo Kaburini haimo katika ramani ya Nairobi. Kariokor imo: ukikaa sokoni pale kula nyama choma utamsikia makanga akiinadi, abiria washuke wapande. Daftari la wapagazi halikukamilika. Jina la kambi yao linasomwa kila siku, kwa sauti.