Waembu walitoa onyo, London ikacheka

Wasee, mwaka jana mlima nusura utumalize. Tulikuwa Mlima Kenya, njia ya Chogoria, tumeamka tumechelewa. Kufika saa nne asubuhi, mzee aliyekuwa akituongoza akaangalia wingu linalopanda kutoka upande wa Meru, akasema, "Wanangu, tugeuke." Sisi tukamwonyesha simu. Apu ilikuwa imeandika jua. Tukabishana naye karibu saa nzima. Kufika saa saba radi inapasuka juu ya vichwa vyetu, upepo unasukuma mtu, na theluji imefunika njia yote. Tulishuka tukiwa tumeshikana mikono kama watoto wa nasari.

Niliporudi nyumbani nikaanza kusoma, na nikagundua huu ujinga wetu una historia ndefu.

Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Waembu walimweleza kwa nini hawapandi hadi juu: baridi ni kali mno, na kuna kitu cheupe kinachoporomoka kwa kishindo. Hebu soma hayo maneno tena. Baridi, kitu cheupe, kishindo, usipande. Hilo ni onyo kamili, limekosa tu nembo ya serikali.

Krapf akaelewa kwamba huko juu kuna barafu. Lakini habari zilipofika Ulaya, wasomi wakakataa. William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga hapa, alipinga kabisa. Theluji ikweta? Haiwezekani! Mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, alikuwa ameona theluji ya Kilimanjaro mwaka wa 1848, na yeye pia hakuaminiwa. Kwa Mlima Kenya, ilibidi kungoja hadi 1883, Joseph Thomson alipopita karibu nao na kuthibitisha. Miaka 34 ya kubishana na watu wanaouona huo mlima kila asubuhi!

Sasa, mzee wetu alijuaje? Jua la asubuhi hupasha miteremko joto, na hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda upande wa Embu na Meru. Ikipanda inapoa, wingu linakua, na mchana linapasuka. Huku chini tunapata mvua ya mawe, kule juu ni theluji. Ndiyo maana wanaoenda Lenana, mita 4,985, huanza safari saa nane au tisa usiku ili wawe wanashuka mapema. Wingu moja la radi linaweza kuwa na upana wa kilomita chache na kuisha kwa saa moja hivi. Apu inayokadiria eneo kubwa inalikosa kirahisi. Mtu aliyesimama pale analiona likizaliwa.

Na sisemi sayansi ni bure. Agosti 2023 idara yetu ya hali ya hewa ilisema mvua itazidi kawaida sehemu nyingi. Oktoba, rais akatangaza kwamba El Niño haiji. Watu wakapumua. Kufikia mwisho wa Novemba mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100. Mvua ilikuwa imetabiriwa.

Mimi niliacha kampasi, kwa hivyo sina cheti cha kukutisha nacho. Lakini naona kitu kimoja kutoka 1849 hadi leo: onyo huwa lipo, shida ni tunauliza kwanza aliyelitoa ni nani. Mzee hana apu, basi hajui. Idara imesema kitu tusichotaka kusikia, basi imekosea.

Yule mzee hakutucheka tulipofika chini. Alitupa chai, akauliza kama vidole bado tunavisikia. Kwangu kimoja kilikuwa kimekufa ganzi siku tatu.

Kwenu ni nani huwa anasema mvua inakuja na hamumwamini? Niambie hapo chini.