Maeneo saba ya Urithi wa Dunia nchini Tanzania: historia, hadhi na wajibu wa kuyatunza

Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ina maeneo saba yaliyoandikishwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia inayosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO). Matatu kati ya hayo ni urithi wa asili: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, Pori la Akiba la Selous na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Mengine matatu ni urithi wa utamaduni: Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na Michoro ya Miambani ya Kondoa. Eneo la saba, Hifadhi ya Ngorongoro, limetambuliwa kwa sifa zote mbili.

Msingi wa utambuzi huo ni Mkataba wa Urithi wa Dunia uliopitishwa mjini Paris Novemba 16, 1972. Tanzania iliuridhia mwaka 1977 na miaka miwili baadaye ikapata eneo lake la kwanza katika orodha. Mkataba unaitaka kila nchi mwanachama ibainishe maeneo yenye thamani ya kipekee kwa walimwengu wote, iyalinde kwa sheria na kuyarithisha kwa vizazi vijavyo. Maeneo hubaki kuwa mali ya nchi husika na chini ya sheria zake. Jumuiya ya kimataifa hushiriki kwa utaalamu, fedha na ufuatiliaji.

Namna eneo linavyoingia katika orodha

Nchi huanza kwa kuliweka eneo katika orodha ya awali, kisha huandaa andiko linaloeleza mipaka yake, thamani yake, sheria zinazolilinda na mpango wa kulisimamia. Wataalamu wa kimataifa hulitembelea na kutoa ushauri. Uamuzi wa mwisho hufanywa na Kamati ya Urithi wa Dunia yenye wajumbe kutoka nchi 21. Eneo linapaswa kutimiza angalau kigezo kimoja kati ya kumi. Sita vya utamaduni na vinne vya asili.

Eneo linapokabiliwa na tishio kubwa, Kamati inaweza kuliingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia ulio Hatarini. Hatua hiyo huambatana na masharti ya kurekebisha hali, na pia hufungua mlango wa misaada. Tanzania imepitia hatua hiyo mara tatu: Ngorongoro mwaka 1984, Kilwa mwaka 2004 na Selous mwaka 2014.

Ngorongoro na Serengeti

Ngorongoro iliandikishwa mwaka 1979 kwa sifa za asili, na mwaka 2010 ikaongezewa hadhi ya utamaduni. Kreta yake ina sakafu yenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 260 na kingo zenye kimo cha mita 600 hivi. Ndani ya hifadhi hiyo limo Bonde la Olduvai, ambako mwaka 1959 Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus. Huko Laetoli ziligunduliwa nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu waliotembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.6 iliyopita.

Eneo hilo lilianzishwa mwaka 1959 kwa mfumo wa matumizi mseto ya ardhi, unaowaruhusu wafugaji kuishi pamoja na wanyamapori. Mwaka 1984 liliingizwa katika orodha ya hatari kutokana na kuzorota kwa hali yake, na likaondolewa mwaka 1989 baada ya usimamizi kuimarishwa. Ongezeko la watu na mifugo tangu wakati huo, pamoja na uhamishaji wa wakazi kwenda Msomera mkoani Tanga ulioanza mwaka 2022, vimeendelea kuwa mada ya mjadala mpana kuhusu namna ya kulinda urithi na haki za wanaoishi ndani yake.

Serengeti, iliyoandikishwa mwaka 1981, ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Umaarufu wake unatokana na msafara wa kila mwaka wa nyumbu zaidi ya milioni moja, wakifuatana na pundamilia na swala, ambao hufuata mvua na malisho kutoka nyanda za kusini hadi Maasai Mara nchini Kenya na kurejea. Kwa kuwa wanyama hawatambui mipaka ya nchi wala ya wilaya, uhai wa msafara huo hutegemea mito, mapito na malisho yaliyo nje ya hifadhi pia.

Kilwa: mji uliookolewa

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, mkoani Lindi, yaliandikishwa mwaka 1981. Kuanzia karne ya 13 hadi ya 16 wafanyabiashara wa Kilwa walishughulika na dhahabu, pembe za ndovu, lulu, manukato na vyombo vya kauri kutoka Uajemi na China. Masultani wake walitengeneza sarafu zao wenyewe. Msafiri Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331 na kuusifu kwa uzuri. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia, na baada ya hapo biashara yake ikadhoofika. Miongoni mwa majengo yanayoonekana hadi leo ni Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa na ngome ya Gereza.

Mwaka 2004 Kamati iliyaingiza magofu hayo katika orodha ya hatari. Mawimbi yalikuwa yakila ufukwe hadi kwenye misingi ya kuta, mizizi ya miti ilikuwa ikipasua mawe, na maji ya mvua yalikuwa yakiondoa chokaa. Kazi iliyofuata ilichukua miaka kumi. Serikali, kwa kushirikiana na wahisani, ilikarabati kuta, ikafyeka vichaka, ikaimarisha kingo za bahari na kuhimiza upandaji wa mikoko. Wakazi wa kisiwani walifunzwa uashi wa mawe na chokaa na kushiriki katika ukarabati. Mwaka 2014 Kilwa iliondolewa katika orodha ya hatari.

Selous: urithi ulio katika mizani

Pori la Akiba la Selous liliandikishwa mwaka 1982, likiwa na ukubwa wa takribani kilomita za mraba 50,000. Wakati huo lilikuwa mojawapo ya makazi makubwa ya tembo na faru barani Afrika. Ujangili uliofuata uliwapunguza wanyama hao kwa karibu asilimia 90, na mwaka 2014 Kamati ikaliingiza pori hilo katika orodha ya hatari.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wakati huohuo Serikali ilianza kujenga Bwawa la Umeme la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Kwa nchi iliyokuwa na uhaba wa nishati, mradi huo ni nguzo ya uchumi. Washauri wa Kamati, kwa upande wao, waliona kuwa ukataji wa miti na mabadiliko ya mtiririko wa mto yamegusa thamani iliyolifanya eneo hilo litambuliwe, wakapendekeza lifutwe kabisa. Katika kikao cha mwaka 2021 Kamati iliamua lisifutwe. Uamuzi huo uliliacha eneo ndani ya orodha, na kuiacha nchi na jukumu la kuthibitisha kuwa sifa zake bado zipo.

Kilimanjaro, Kondoa na Mji Mkongwe

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliandikishwa mwaka 1987. Kilele cha Uhuru, chenye urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, ni cha juu kuliko vyote barani Afrika. Barafu ya mlima huo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912. Mito inayotumiwa na wakulima wa mabondeni hutegemea zaidi misitu inayozunguka mlima, ambayo hukusanya mvua na ukungu. Kwa sababu hiyo moto kama ule wa Oktoba 2020 huwagusa hata wananchi wasioona kilele.

Michoro ya Miambani ya Kondoa, mkoani Dodoma, iliandikishwa mwaka 2006. Zaidi ya mapango 150 yenye michoro yametawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336 kandokando ya Bonde la Ufa. Michoro myekundu huhusishwa na wawindaji na waokotaji wa kale. Ile myeupe, ya baadaye, huhusishwa na wakulima na wafugaji. Baadhi ya mapango bado hutumiwa na wenyeji kwa matambiko ya mvua na uponyaji.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioandikishwa mwaka 2000, unaonesha namna utamaduni wa Waswahili ulivyochanganyika na ule wa Waarabu, Wahindi na Wazungu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Unapozibwa kwa saruji, unyevu hubaki ndani na kuoza boriti. Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea na kusababisha vifo. Tukio hilo lilikumbusha kuwa jengo la kale huchakaa kimyakimya kabla ya kuanguka kwa siku moja.

Sheria na wajibu wa mwananchi

Hifadhi za Taifa husimamiwa na TANAPA, Ngorongoro na mamlaka yake, na magofu ya Kilwa pamoja na eneo lililobaki la Selous na TAWA. Mambo ya kale si suala la Muungano. Zanzibar ina sheria zake, na Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi na uendelezaji.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu na majengo ya kale yaliyotengenezwa na binadamu. Kuchimba malikale bila kibali, kuziharibu au kuzisafirisha nje ya nchi bila leseni ni kosa. Mwananchi anayekuta kigae, sarafu, kaburi la kale au mchoro wa mwambani anapaswa kukiacha alichokiona mahali pake na kutoa taarifa kwa uongozi wa eneo lake. Kitu kikishang'olewa, wataalamu hupoteza sehemu kubwa ya maelezo yake, kwa kuwa tabaka la udongo kilimokutwa ndilo husaidia kujua umri na matumizi yake.

Orodha ya awali ya Tanzania ina maeneo mengine, yakiwemo Hifadhi ya Taifa ya Gombe, misitu ya Milima ya Tao la Mashariki na njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu iliyoishia Bagamoyo. Kuandikishwa kwa lolote kati ya hayo kutategemea kile kilichoiokoa Kilwa: mpango unaotekelezwa, fedha zinazofika kwenye eneo, na wakazi wanaoshirikishwa tangu mwanzo.