Ngozi ya Ngoma na Pembe ya Ndovu

Ngoma hutengenezwa kwa mti na ngozi. Mti hukatwa, ngozi huchunwa. Wala hakuna fundi awezaye kuwamba ngoma pasipo mnyama kufa kwanza. Basi na tuulize: ni mnyama gani, na je, wako wengine nyuma yake?

Musonoi, karibu na Kolwezi, ni mahali pa shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906 na kutaifishwa mwaka 1967, iliita watu wa kazi kutoka pande nyingi. Walunda, Wachokwe, Waluba, Wasanga na wengine wakakaa jirani kwa jirani kando ya machimbo, na kila kabila lilikuja na vyombo vyake.

Vyombo vingine havina ngozi hata kidogo. Kyondo cha Waluba na chinguvu cha Wachokwe ni gogo lililochimbwa tumbo, likapigwa kwa fimbo. Chisanji ni ubao na vyuma vyembamba; tundu lake huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume. Lakini ngoma kubwa na ndogo za ngozi ziliwambwa kwa ngozi ya paa na swala, kwa kuwa ni nyembamba na ngumu, kisha fundi akabandika ulimbo katikati apate sauti anayoitaka. Hata mukupela, ngoma ya heshima ya machifu wa Walunda na Wachokwe, ina ngozi pande zote mbili. Mbali kidogo, huko Uganda, ngoma ndefu iitwayo engalabi iliwambwa kwa ngozi ya kenge.

Pembe ya ndovu nayo haikuwa chombo cha kila mtu, bali cha wakubwa. Pwani ya Kenya watawala wa Pate walikuwa na siwa ya pembe, ndefu kupita mita 2, iliyopulizwa ubavuni siku za arusi na za kutawazwa. Jirani zao wa Lamu walikuwa na siwa yao, nayo ni ya shaba. Sisi tunaoishi juu ya shaba tuliangalie neno hili vizuri. Siwa ya Lamu haikudharauliwa kwa kukosa pembe. Heshima yake ilitoka kwa watu walioisimamia na kazi iliyoifanya.

Hata hivyo, pembe nyingi za nchi hizi hazikupulizwa na mtu. Msiri, aliyetoka Unyamwezi, alitawala Bunkeya, mji ulio leo katika jimbo letu la Lualaba. Aliuza pembe, shaba na watumwa kuelekea bahari zote mbili, mpaka alipopigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Pembe za Afrika ya kati zilizopita Zanzibar zilifika hata Marekani, katika miji ya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut. Huko zilipasuliwa kuwa vibao vyembamba, vikagandishwa juu ya vidole vya vinanda. Kinanda kikubwa kina vidole vyeupe 52, na vyote vilivikwa pembe. Basi ndovu wa Afrika walilia muziki katika nyumba za watu ambao hawakupata kumwona ndovu.

Risasi hazikukoma. Kwa makadirio, Afrika ilikuwa na ndovu 1,300,000 hivi mwaka 1979. Miaka kumi baadaye walibaki kama 600,000. Mbuga ya Upemba, iliyowekwa mwaka 1939 kaskazini-mashariki ya Kolwezi, ilijulikana kwa ndovu wake; leo waliosalia ni wachache sana. Mataifa yalikuwa yamefanya mapatano huko Washington mwaka 1973 juu ya biashara ya wanyama walio hatarini, na nchi yetu ikaingia mwaka 1976. Mwaka 1989 yaliamua kufunga biashara ya pembe baina ya nchi na nchi. Kenge na chatu hawakukatazwa kabisa, ila ngozi zao hazivuki mpaka pasipo kibali. Na sheria ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 inawalinda viumbe wa nchi hii.

Hapo tunasikia manung'uniko, nayo si ya bure. Watu husema: Waliobeba pembe kwa maelfu walitajirika, mbona leo mzee mwenye ngoma moja ndiye anayetishwa? Neno hilo lina haki ndani yake. Mfundi wa kijiji hakummaliza ndovu, wala si yeye aliyefyeka misitu yote kwa machimbo na makaa. Lakini deni la mwingine halimrudishii paa mtoto wake. Mnyama akiisha, ameisha kwa tajiri na kwa maskini, na fundi ndiye wa kwanza kukosa.

Tena, je, sauti itakufa? Tuwaangalie wenye vinanda. Katika karne ya 20 viwanda viliacha pembe, vikavika vidole kwa plastiki. Kinanda hakikunyamaza, maana sauti yake hutoka kwenye nyuzi za chuma na ubao, wala si kwenye pembe. Ngoma ni tofauti kidogo, kwa kuwa ngozi ndiyo yenye kulia. Lakini ngozi ya mbuzi, ikikwanguliwa vizuri na kuanikwa kivulini, hutoa sauti kali na safi. Ya ng'ombe, iliyo nene, hutoa sauti nzito. Kinachotakiwa ni mkono unaojua kazi.

Kanisa nalo lina sehemu yake katika habari hii. Mwaka 1958 huko Kamina, Padre Guido Haazen, Mfransisko, na waimbaji wake walitoa Missa Luba, Misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa ngoma na kyondo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikubali vyombo vya nchi mbalimbali, mradi vifae kwa ibada. Hati haikutaja ngozi ya mnyama gani. Naye Papa Fransisko, katika barua Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba viumbe wanaotoweka kwa ajili yetu hawamtukuzi Mungu tena kwa kuwapo kwao, nasi hatuna haki ya kutenda hivyo. Ngoma ya kumsifu Muumba haipendezi ikiwa inampunguzia wasifu wengine.

Basi tunashauri mambo matatu. Kwanza, vyombo vya zamani vyenye pembe au ngozi ya porini visivunjwe wala kuuzwa kwa wapita njia. Vitunzwe, na habari zake ziandikwe. Pili, kwaya inayotaka kuvuka mpaka na vyombo kama hivyo iulize mapema kwa wakuu wa ICCN, wanaosimamia mambo ya wanyama nchini. Tatu, ngoma mpya ziwambwe kwa ngozi ya mbuzi au ng'ombe. Wazee wanaojua kukwangua ngozi na kupika ulimbo wawaite vijana wa kwaya sasa, wafanye kazi pamoja nao, ili ngoma ziwe tayari kwa Pasaka.