Mlango wa Duka na Mkono wa Sheria

Trevor Huddleston, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1960 hata 1968, alikuwa amekwisha kukaa miaka mingi Sophiatown, Johannesburg. Huko, mwaka 1953, mahakama ya rufani iliamua ya kwamba vyumba vya abiria vilivyotengwa kwa rangi sharti vilingane kwa ubora. Bunge halikungoja: mwaka ule ule lilipitisha sheria iliyompa mwenye mahali pa watu wote idhini ya kutenga watu kwa rangi, wala ubora usiulizwe. Sheria hiyo ilidumu mpaka 1990.

Idhini ya namna hiyo imedaiwa tena, safari hii juu ya wapendanao wa jinsia moja. Marekani, tarehe 30 Juni 2023, Mahakama ya Juu ilimruhusu mtengenezaji wa tovuti wa Colorado akatae kazi ya arusi zao. Majaji sita waliegemea uhuru wa kusema, si haki ya kufukuza wateja. Tofauti nyembamba, yumkini, machoni pa aliyerudishwa mlangoni.

Uganda, Mei 2023, haikumpa mwenye nyumba hiari yo yote. Ilimtishia kifungo cha miaka 10 akiacha kwa kujua nyumba yake itumiwe kwa mapenzi hayo. Hata asiye na chuki alifanywa bawabu wa serikali. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilibatilisha sharti hilo, pamoja na lile la kuwapasha polisi habari. Adhabu ya kifungo cha maisha kwa wapendanao wenyewe ikaachwa.